Alama 82 na ngoma nisiyoisikia: barua ya wazi kwa wakuu wa idara za muziki na za lugha

Kwa wakuu wa idara za muziki na sanaa za maonyesho, na wakuu wa idara za lugha na isimu, katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Nakala kwa wizara zenye dhamana ya elimu na utamaduni.

Waheshimiwa,

Wengi wenu mlinitangulia, na wengine mlinifundisha, kwa hiyo naanza na shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa muziki katika chuo cha ualimu. Nawaandikia kwa sababu ya swali moja la mtihani. Nililijibu nikiwa mwaka wa pili, nikapata alama 82, na kila nikilikumbuka naona haya.

Swali lilitutaka tuandike kwa nota mapigo ya kengele ya adowa, ngoma ya Waasante wa Ghana, kisha tueleze jinsi ngoma nyingine zinavyopishana na kengele hiyo. Tulikuwa tumekariri. Mhadhiri alichora ubaoni vijumba kumi na viwili, tukajaza vidoti, tukapiga makofi huku tukihesabu moja hadi kumi na mbili, tukacheka tulipokosea. Ngoma hiyo hupigwa na nani, hupigwa msibani au arusini, husema nini na kwa lugha gani, hayo hayakuwamo kwenye swali wala kwenye mhadhara. Jina la lugha ya Kitwi nilikuja kulisikia nimekwisha kuhitimu.

Miaka ikapita, nikabahatika kufika Ghana. Rafiki yangu Mwasante akanichukua msibani kwao, kijiji kisicho mbali na mji wa Kumasi. Ilikuwa Jumamosi, siku yao ya mazishi na matanga, watu wamevaa nyeusi na nyekundu, viti vimepangwa vikitazamana kuzunguka uwanja. Pembeni zilisimama atumpan, ngoma mbili kubwa zilizoinamishwa kidogo kumwelekea mpigaji, naye ameshika fimbo mbili zilizopinda kama kiwiko. Akaingia mzee mmoja na watu wake nyuma. Ngoma ikapigwa kwa muda mfupi tu, pengine sekunde kumi. Mzee akasimama, akaigeukia, akainua mkono. Wazee wenzake wakatikisa vichwa. Mama mmoja akaangua kicheko.

Nikamnong'oneza mwenyeji wangu: wamecheka nini? Akaniambia ngoma imemwita yule mzee kwa majina ya sifa ya wahenga wake, kisha ikamtupia methali. Methali gani? Akafikiri kidogo. "Nusu yake hata mimi sijaishika, kaka. Lugha ya ngoma ni ya kale."

Yeye, mzaliwa wa pale, alishika nusu. Mimi mwenye alama 82 nilisikia ko-ko-tim, ko-tim.

Sasa niwaeleze kilichonipita, maana nina hofu kwamba wengi tunaofundisha somo hili hatujawahi kuelezwa. Kitwi, lugha ya Waasante, Waakuapem na ndugu zao wengine wa Kiakan, ni lugha ya toni, yaani sauti ikipanda au ikishuka hubadili maana ya neno. Chukua neno papa. Kwetu huyo ni samaki, au mkuu wa Kanisa Katoliki. Kwao, silabi zote mbili zikipanda, maana yake ni uzuri. Ya kwanza ikishuka na ya pili ikipanda, ni baba. Zote zikishuka, ni kipepeo cha kujipepea joto. Kiswahili kilipoteza toni zamani, kimebaki na mkazo, na mkazo huo peke yake unatosha kuitenganisha barabara ya magari na kazi iliyofanywa barabara. Mgeni akikosea mkazo tunamcheka. Basi fikirini lugha ambayo karibu kila neno limewekewa mtego wa namna hiyo.

Katika zile atumpan mbili, moja ina sauti nzito, wao huiita ya kiume; nyingine ina sauti nyembamba, huiita ya kike. Mpigaji, kwa jina lake ɔkyerɛma, hufuata toni za sentensi: silabi ya juu huenda kwenye ngoma nyembamba, ya chini kwenye nzito, na urefu wa kila pigo hufuata urefu wa silabi inapotamkwa. Irabu na konsonanti hubaki mdomoni, kinachotoka ni umbo la usemi. Lakini maneno mengi mno yana umbo moja, na anayepiga neno moja tu hamwelewi mtu yeyote. Kwa hiyo hapigi neno moja. Hupiga mafungu marefu yanayojulikana: majina ya sifa, salamu za kudumu, methali. Msikilizaji hulitambua fungu zima, kama sisi tunavyoitambua methali mwenzetu akiwa hajafika katikati, tukammalizia.

Ufundi huo si wa Waakan peke yao. Walokele wa Kongo, majirani wa mji wa Kisangani ambako Kiswahili kinazungumzwa kila sokoni, wanao kwenye gogo lao lililochimbwa, lisilowambwa ngozi. Mmisionari John Carrington, aliyeishi Yakusu, aliueleza kitabuni mwaka 1949. Kwao mwezi ni songe na kuku ni koko, na kwenye gogo maneno hayo mawili hulia sawasawa. Kwa hiyo mpigaji akitaka mwezi hupiga songe li tange la manga, mwezi unaoitazama ardhi kutoka juu. Kongo si mbali na sisi. Wakati wangu hata huo haukufundishwa.

Nirudi kwa Waasante. Kabla ya kusema lolote kwa watu, ɔkyerɛma huzungumza na ngoma yenyewe: huutaja mti wa tweneboa ambao ngoma ilichongwa kutokana nao, humtaja tembo aliyetoa ngozi, huzitaja kamba na vigingi vilivyoiwamba. Kisha huwageukia wahenga, wafalme na walio hai. Lipo swali la kale la ngoma ambalo siku hizi hulifikiria kila ninapovuka daraja: njia imekata mto, mto umekata njia, mkubwa nani? Ngoma hujijibu yenyewe. Njia tuliichonga sisi tukaukuta mto; mto umetoka zamani za zamani kwa Muumba.

Hebu tuliandike hilo ndani ya vijumba kumi na viwili tuone litatoshea wapi.

Haya yote sikuyagundua mimi. Yako kwenye vitabu, na mwenye vitabu ni Mwafrika, na nina hakika jina lake liko kwenye orodha zenu za usomaji: J. H. Kwabena Nketia, aliyezaliwa Mampong, Asante, mwaka 1921 na kufariki Machi 2019 akiwa na miaka 97. Ninachowaomba ni kuitazama njia aliyopita, maana naona tumeyachukua matunda yake tukaiacha njia. Mwaka 1944 Nketia alikwenda London kusoma isimu, na akiwa huko akafundisha Kitwi. Muziki wa Kizungu aliusoma pia, hilo lisisahaulike. Mwaka 1952 Kofi Busia, mwanasosholojia ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu wa Ghana, alimpa kazi ya utafiti katika chuo kikuu kilichokuwa bado kichanga, ndani ya idara ya sosholojia. Kitabu chake kikubwa cha Kiingereza cha mwaka 1955 kinahusu mbolezi za Waakan, yaani maneno ya wanawake wanaolia msibani: wanamtaja marehemu kwa ukoo gani, wanamtajia mji gani wa asili, wanawatumia nini waliotangulia. Kile cha ngoma za Waakan kilifuata mwaka 1963. Na kile cha muziki wa Afrika nzima, ambacho wengi wetu tumesoma hicho tu, na pengine sura mbili tu, ni cha mwaka 1974.

Alianza na lugha, akaja kwenye maneno ya waombolezaji, ndipo akafika kwenye ngoma. Sisi tumeanzia mkiani.

Katika kitabu cha ngoma Nketia anatenganisha namna tatu za kupiga, na hapa Mswahili ana nafasi nzuri ya kumwelewa kuliko Mzungu. Ipo namna ya ishara: mapigo mafupi yasiyo sentensi, yanayotangaza kwamba kuna jambo. Sisi tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Ipo namna ya usemi, ndiyo hiyo ya toni niliyoieleza. Na ipo namna ya mchezo, ambapo ngoma kadhaa zinashikana na kengele, watu wanacheza. Namna hizo huingiliana. Ngoma kuu inaweza kuacha mchezo kwa kitambo, ikasema methali, na mchezaji wa adowa akaijibu kwa mikono na vidole. Mwenye macho ya kusoma mikono hiyo anaona mazungumzo kamili. Kengele yangu ya vijumba kumi na viwili ni sehemu ya namna ya tatu. Nilipewa alama 82 kwa theluthi ya somo, na theluthi yenyewe imekatwa ulimi.

Wapo watakaosema naipinga nota. Siipingi. Nketia mwenyewe aliandika nota, na mimi hula kwa nota. Lakini profesa mwingine wa Ghana, Kofi Agawu, aliandika mwaka 1995 makala yenye ukali wa kutosha kueleza jinsi "midundo ya Kiafrika" ilivyobuniwa na maandishi ya wageni, kana kwamba Afrika ni bara la mapigo matupu yanayogongana. Katika kitabu chake cha mwaka huohuo kuhusu Waewe wa kaskazini, majirani wa Waakan, anaanza na mwendo wa mwili, anakuja kwenye usemi, halafu wimbo, ndipo anafika kwenye ngoma. Wasomi wawili wa Kighana, wa vizazi viwili, waliotofautiana katika mengi, wote wanatutuma kwanza kwa msemaji. Mitaala yetu inatutuma kwenye kikokotoo.

Kuna jambo jingine la Legon, kilipo Chuo Kikuu cha Ghana, ambalo ningependa wizara zilisome mara mbili. Nkrumah alipoizindua rasmi Taasisi ya Taaluma za Kiafrika tarehe 25 Oktoba 1963, tayari ilikuwa na shule ya muziki na tamthilia, na tayari kulikuwa na kundi la ngoma la taifa lililoanzishwa mwaka 1962 chini ya Mawere Opoku. Nketia aliiongoza taasisi hiyo tangu 1965 hadi 1979. Mle ndani waliajiriwa mafundi: wapiga ngoma waliotoka kwenye majumba ya machifu na vijijini, watu ambao vyeti vyao vilikuwa mikononi mwao, wakafundisha wanafunzi wa shahada. Na kanda ambazo Nketia alirekodi akizunguka vijijini na kinasa sauti tangu miaka ya 1950 zimehifadhiwa hapohapo Legon, katika hifadhi inayoitwa kwa jina lake. Mjukuu wa aliyerekodiwa anaweza kupanda basi akaenda kumsikiliza babu yake.

Sisi tulianza wakati uleule. Desemba 10, 1962, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa, akauliza ni wangapi kati yetu wanaoweza kucheza gombesugu, kiduo au lelemama. Wapo wanaokumbuka swali lile kama wito wa kucheza. Tukacheza kweli. Tukapata vikundi vya taifa, tukapata Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, na pale Hukwe Zawose, gwiji wa Kigogo, alifundisha. Kwa hiyo asije mtu akasema mafundi hawawezi kuingia darasani Tanzania, wameshaingia. Ila jukwaa lilitushika mno. Ngoma ya dakika saba ya kumpokea mgeni wa serikali tunaijua sana. Maneno yake hatuyaandiki.

Katika chuo nilichosoma, mzee mmoja mpiga zeze aliletwa darasani mara moja katika miaka mitatu. Alipiga, akasimulia kidogo, akapigwa picha, akapewa nauli. Nilimsindikiza mpaka kituoni. Njiani akaniambia, "Mwalimu wenu ameniuliza nyuzi ngapi. Hakuniuliza naimba nini." Jina lake halikuandikwa popote isipokuwa kwenye hati ya malipo.

Kanda zetu nazo ziko wapi? Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akarekodi watu wengi, na hazina aliyoiacha iko Makhanda, Afrika Kusini. Waganda walikuwa na hali kama yetu: rekodi za mtafiti mwenzake Klaus Wachsmann zilikaa London, lakini nakala zake zimekwisha kurudishwa Makerere, na wanafunzi wanazitumia. Inawezekana, basi. Nalitaja kwa kupita tu, kwa sababu hata kanda zikirudi kesho, bila mtu wa kuzielewa tutazihesabu vijumba.

Ombi langu la kwanza linahusu Kitwi. Chuo Kikuu cha Ghana kinafundisha Kiswahili, na kimekifundisha kwa miaka mingi. Vijana wa Accra na Kumasi wanahangaika na ngeli zetu, wengine wamekuja mpaka huku kukipiga msasa. Umoja wa Afrika ulipokipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka 2022 tulishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini ujirani wa upande mmoja una jina lake. Katika chuo nilichosoma hakukuwa na hata darasa moja la Kitwi, tuliwasoma Waakan kupitia Kiingereza cha watu wengine. Kwa hiyo, wakuu wa idara za lugha, mnapotia saini makubaliano ya kupeleka walimu wa Kiswahili huko, ombeni malipo ya kitu kwa kitu: mwalimu mmoja wa Kitwi kwa muhula mmoja, aje na ɔkyerɛma. Wanafunzi wa muziki wakae na wanafunzi wa isimu darasa moja. Wiki tatu za kwanza ngoma zifunikwe, watu wajifunze kusalimiana na kutamka papa tatu bila kukosea. Wiki ya nne zifunuliwe.

La pili ni hapa nyumbani. Kihaya kina toni. Kichaga kina toni, Kisukuma vilevile. Wanaisimu wa nchi hizi wameandika mengi kuhusu toni za Kibantu, na wanamuziki wapo jengo la pili, na hawa wawili hukutana kwenye foleni ya chai. Muhaya akipiga enanga, chombo chao cha nyuzi, na kuimba habari za mashujaa, wimbo unapanda pale neno linapopanda, au unalivunja neno? Wapi unalivunja, na wasikilizaji wanafanya nini unapolivunja? Kwa maswali ya namna hiyo mwanafunzi wa Bukoba anaweza kupata shahada ya uzamili, tena kwa kumhoji bibi yake. Sasa hivi mwanafunzi huyohuyo anaelekezwa aandike "miundo ya kimdundo", kwa Kiingereza, ahesabu mapigo, na bibi atajwe kwenye shukrani.

Sidai kwamba Ghana kumetulia. Mwenyeji wangu alinisikitikia vijana wao pia: wanacheza adowa vizuri, wanajua kupeleka mikono, lakini ngoma ikisema hawageuki. Spika kubwa zimeingia msibani kama zilivyoingia kwetu. Ile lugha ya kale inahitaji mtu wa kuifafanua hata Mampong penyewe. Tofauti ni kwamba kwao ufafanuzi upo: umeandikwa, umerekodiwa, una mahali pa kwenda kuuliza. Mzee yule wa zeze nilimtafuta miaka miwili iliyopita, nikaambiwa amekwisha kufariki, na zeze liliuzwa kwa mtalii.

Mwisho ni jambo dogo, linalonihusu mimi na mnaosimamia mitihani ya vyuo vya ualimu. Nina wanafunzi 34 mwaka huu. Swali la kengele ya adowa bado limo kwenye benki ya maswali, halijabadilishwa hata nukta, na muhula huu zamu ya kulitunga jaribio ni yangu. Naomba kibali cha kuliondoa. Mahali pake ningependa niwasikilizishe wanafunzi rekodi fupi ya atumpan, niwape maandishi ya Kitwi yenye alama za toni na tafsiri ya Kiswahili, kisha niwaulize ngoma ilimwita nani, na walijuaje. Nimeshaandaa mwongozo wa kusahihisha, kurasa mbili, nimeuambatisha kwenye nakala niliyoituma ofisini. Jaribio ni tarehe 14, na mpiga chapa wetu anataka karatasi siku tano kabla.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa muziki, chuo cha ualimu, Tanzania